Samaki wa Persius, Mchuzi wa Casaubon

Joseph Scaliger, mmoja wa vichwa vizito kabisa vya Ulaya ya zamani zile, alikisoma kitabu cha rafiki yake, kisha akatoa neno ambalo wasomi wa Kilatini wanalirudia mpaka leo: kwamba humo ndani mchuzi ni mtamu kuliko samaki. Samaki ni mshairi, Aulus Persius Flaccus, kijana wa dola ya Roma aliyefariki mwaka 62 akiwa na umri wa miaka 27. Mchuzi ni maelezo ya mhariri wake, Isaac Casaubon, na kitabu chenyewe kilipigwa chapa Paris mwaka 1605. Mshairi ana tungo sita za tashtiti, mistari 650 kwa jumla, ukiweka kando kipande cha mistari 14 kinachokwenda nazo. Mhariri ana zaidi ya kurasa 500 za kumfafanua. Piga hesabu mwenyewe, ndugu msomaji, uone kila mstari umemwagiwa mchuzi kiasi gani.

Neno la Scaliger ni tamu, ndiyo maana limedumu. Mimi nina ugomvi nalo.

Nisemapo nimekisoma kitabu hiki simaanishi kwamba ninacho. Nakala za mwaka 1605 zimo katika maktaba kubwa na mikononi mwa matajiri wanaokusanya vitabu vya kale. Mimi nimesoma picha za kurasa zake kwenye kompyuta ya kulipia kwa saa, nikitumia Kilatini cha seminari, kile tulichokikariri asubuhi na usingizi wetu tukiamini hakitatufaa popote zaidi ya misa. Na sijidai kwamba nimezimeza kurasa zote 500. Nimekaa zaidi kwenye utungo wa kwanza, wa tatu na wa tano, na kwenye dibaji. Inatosha kugombana.

Najua utaniuliza: kijana wa mjini anayeandika hadithi zake kwenye daftari, akisubiri siku mchapishaji amkumbuke, ana shida gani na Mlatini wa mwaka 62? Jibu langu ni kwamba wahakiki wa huku tumezoea kukipasua kitabu vipande viwili, fani huku na maudhui kule, kama tulivyofundishwa kujibu mtihani. Swali la toleo hatuligusi. Nani alikishika mswada mtunzi alipofumba macho? Nani aliufuta mstari? Nani aliamua kwamba hapa anasema baba na pale anasema mtoto? Kwenye tashtiti maswali hayo ni ya kufa na kupona, maana hakuna utungo unaochacha haraka kama wa kumcheka mtu. Shairi la mapenzi laweza kukaa miaka elfu mbili bila jokofu. Shairi la kumcheka diwani wa kata, akishaondoka diwani, hata wajukuu zake hawalielewi.

Hebu kwanza tumwone samaki mwenyewe, maana Scaliger amemwonea.

Persius alizaliwa mwaka 34 katika mji wa Volterra, kaskazini ya Roma, nyumba ya watu wenye uwezo. Baba alimfia akiwa na miaka kama sita. Alikulia katikati ya wanawake, mama, dada na shangazi, akapelekwa Roma kusoma, na alipofika miaka 16 akamwangukia mwalimu mmoja wa falsafa ya Wastoiko, Annaeus Cornutus, asimwache tena mpaka kufa. Wasifu wake wa kale, ambao umetufikia pamoja na tungo zake, unasema alikuwa mpole, mwenye haya kama mwanamwali, na kwamba aliandika mara chache na kwa taratibu. Kumbukeni hilo, ninyi mnaotoa diwani mbili kwa mwaka.

Mwanamwali huyo akishika kalamu anauma. Chukua utungo wa tatu. Jua limeshaingia madirishani, na kijana wetu wa nyumba bora bado anakoroma, ulevi wa jana haujamtoka. Rafiki anamwamsha. Anapiga makelele kumwita mtumishi. Anashika kitabu, ngozi ya kuandikia, karatasi, kalamu ya tete. Hapo ndipo sababu zinapoanza: mara wino mzito unaganda kwenye kalamu, ukitiwa maji, wino wenyewe wa ngisi, unakuwa mwepesi hauonekani, mara kalamu inadondosha matone. Mzungumzaji anamgeukia na kumuuliza anadhani anamdanganya nani. Anamwambia kwamba yeye ni udongo mbichi, wa kupelekwa kwenye gurudumu la mfinyanzi leo hii, si kesho.

Jamani, nani kati yetu hamjui huyu? Umeme ulikatika. Kompyuta ya rafiki iliharibika. Nilitaka kuandika ila kijiweni kulikuwa na mpira. Kutoka Roma ya Nero mpaka vyumba vyetu vya kupanga, kilichobadilika ni wino tu.

Na utungo wa kwanza ndio hasa ungestahili kubandikwa ukutani kila panapofanyika usiku wa mashairi. Mshairi anaingia na vazi jipya jeupe, nywele zimechanwa, pete ya siku ya kuzaliwa kidoleni. Anapanda kwenye kiti cha juu. Ameshasukutua koo kwa maji ya kulainisha sauti. Macho yanalegea. Anajishaua, kwa kifupi. Na mbele yake mibaba mizima ya Roma inatetemeka kwa utamu, mashairi yanaiingia viunoni. Persius hachekeshwi na ushairi mbaya peke yake. Anachekeshwa na wale wanaoupigia makofi wakishalishwa chakula kizuri, kisha wanaulizwa na mwenyeji wao wamwambie ukweli.

Kwa hiyo samaki si mbaya hata kidogo. Tatizo lake ni miba.

Persius ni mgumu. Katika utungo wa tano mwenyewe anaeleza njia yake: maneno ya kawaida ya mjini, yanayovaliwa na kila mtu, yaunganishwe kwa namna inayokata. Ni njia nzuri sana na ni njia ya hatari, kwa sababu kila neno unalifahamu na sentensi nzima huifahamu. Zaidi ya hapo, tungo zake ni za kujibizana. Sauti moja inasema, nyingine inadakia, ya tatu inacheka, na miswada ya kale haina alama za kufungua na kufunga usemi. Mtu anayeandaa toleo ndiye anayeamua nani kasema nini. Akikosea sehemu moja, mpumbavu anayechekwa anageuka kuwa mwenye hekima, na mwenye hekima anakuwa mpumbavu. Sijui kama kuna madaraka makubwa kuliko hayo katika kazi za kalamu.

Sasa njia za kumwandaa samaki wa namna hii zilikuwa mbili. Uchapaji ulipoanza kushika mizizi Italia, na Persius alichapwa Roma tangu karibu mwaka 1470, wapiga chapa walizoea kitabu kikubwa cha kuwekwa mezani: shairi katikati kwa herufi kubwa, maelezo yamelizunguka pande zote kama askari waliomkamata mwizi. Mwaka 1501 Aldus Manutius wa Venice akaja na lake. Alimtoa Persius pamoja na mwenzake Juvenal katika kitabu kidogo cha kushikwa mkononi, herufi za mlazo, na maelezo hakuna. Mashairi matupu. Wapenzi wa vitabu wanakisifu sana kitabu kile na mimi nakubali kwamba ni mapinduzi: mtu angeweza kutembea na mshairi wake. Lakini jaribu kumsoma Persius kwa njia hiyo. Aldus amekuachia samaki mzima na miba yake yote, kisha amekutakia mlo mwema.

Casaubon alikwenda njia ya tatu. Shairi lenyewe alilisafisha, kisha maelezo yake akayafanya kitabu kamili ndani ya kitabu.

Inafaa kumjua mtu huyu, kwa sababu maisha yake yamo ndani ya mchuzi. Alizaliwa Geneva mwaka 1559, mtoto wa wakimbizi wa Kiprotestanti kutoka Ufaransa. Baba yake alirudi Ufaransa kuchunga kondoo wa Bwana, na ndiye aliyekuwa akimfundisha mwanawe Kigiriki. Mwaka 1572 ikaja habari ya mauaji ya siku ya Mtakatifu Bartolomayo, Waprotestanti wakichinjwa Paris na kwingineko, familia ikakimbilia milimani. Masomo ya Kigiriki yaliendelea pangoni. Nikisikia mtu analalamika hana mazingira mazuri ya kuandika, namkumbuka yule mtoto.

Baadaye alimwoa binti wa Henri Estienne, mpiga chapa na msomi mkubwa mwenye maktaba ya kutamanika. Mkwe akambania. Kijana anamlisha binti yake, anaijua thamani ya kila mswada uliomo mle ndani, na ufunguo hapewi. Alifundisha Geneva, akafundisha Montpellier, mwishowe mfalme Henri IV akamwita Paris, na huko akapata kazi kwenye maktaba ya mfalme. Kwenye shajara yake alikuwa akinung'unika karibu kila wiki kuhusu marafiki wanaokuja kumsalimia na kumlia saa zake. Huyu ndiye aliyekaa na Persius. Mkimbizi, mcha Mungu, mwenye njaa ya vitabu, na mtu asiyekuwa na muda wa mzaha. Kumbuka hilo la mwisho, tutalirudia.

Mchuzi wake una nini? Una Kigiriki, kwanza kabisa. Persius alisoma kwa Wastoiko, na utungo wake wa nne umesimama juu ya mazungumzo ya Socrates na Alcibiades yaliyopo kwa Plato. Msomaji asiyejua hayo anaona kijana anagombezwa tu. Casaubon anakuonyesha mshairi anatoka wapi, neno gani ni la darasa la falsafa, lipi ni la sokoni, lipi ni la kwa mganga. Ukimfuata kwa uvumilivu unagundua kwamba ugumu wa Persius mara nyingi ni wa mtu anayesema na rafiki yake wa karibu na kuruka yale ambayo rafiki anayajua. Sisi si marafiki zake. Casaubon anatutambulisha.

Lakini kazi yake kubwa kuliko zote ya mwaka ule ilikuwa kitabu cha pili, kilichotoka 1605 huko huko Paris, juu ya neno lenyewe. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ni habari ambayo kila mwandishi angepaswa kuijua.

Kabla ya Casaubon wengi waliamini kwamba satira, yaani huu utanzu wetu wa tashtiti, imepata jina kutokana na masatiri, wale viumbe wa hadithi za Kigiriki, nusu mtu nusu mbuzi, walevi, wenye manyoya na matusi. Kosa la asili ya neno, utasema, linamdhuru nani? Liliwadhuru washairi. Uingereza, miaka ya 1590, vijana wenye vipaji kama Joseph Hall na John Marston waliamua kuandika tashtiti kwa mtindo wa Kirumi, na kwa kuwa tashtiti ni binti wa mbuzi, basi lazima iwe na manyoya: mistari ya kukwaruza, lugha ya giza, kutukana, kukemea kama mtu aliyepagawa. Walimwona Persius ni mgumu wakadhani ugumu ndio sheria ya utanzu. Mwezi wa Juni 1599 Askofu Mkuu wa Canterbury na Askofu wa London walipiga marufuku tashtiti zisichapwe tena, na vitabu kadhaa vikatiwa moto. Vya Marston vilikuwa katika orodha. Cha Hall kiliponea chupuchupu, na Hall mwenyewe, dunia ina mambo, miaka ya baadaye akawa askofu.

Miaka sita baada ya moto ule Casaubon akaonyesha kwa ushahidi wa wanasarufi wa kale kwamba mbuzi hayumo. Neno la Kilatini ni satura, na ukoo wake ni wa kujaa, kushiba. Palikuwa na sinia lililojazwa mazao ya kwanza ya kila aina likipelekwa kwa miungu, na palikuwa na chakula cha kuchanganya mambo mengi. Yaani tashtiti ni kande, ni mseto. Ndani yake unaweka hadithi, mahubiri, barua, kisa cha jikoni, vijembe, falsafa. Si lazima ukwaruze. Si lazima utukane.

Mkataba mzima wa utanzu umegeuzwa na mtu aliyekaa na kamusi. Wenzangu ambao huwaona wahariri na wasomi kama watu walioshindwa kuandika, nawaombeni mlitafakari hilo kwa dakika mbili.

Nimesifu vya kutosha. Sasa kasoro.

Casaubon anampenda Persius mno, na anampenda kwa sababu isiyo sahihi. Anamtaka awe mhubiri. Katika dibaji anawapima washairi watatu wa Kirumi wa tashtiti, Horace, Juvenal na Persius, na wa kwake anapata taji kwa kuwa ndiye mwenye msimamo, ndiye anayefundisha maadili kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuyumba. Mshairi wa Kiingereza John Dryden, alipotoa tafsiri yake ya Juvenal na Persius yenye tarehe ya 1693, aliandika dibaji ndefu inayomtegemea sana Casaubon, lakini akachomekea jambo la kweli: kila mfafanuzi humtukuza mshairi aliyemshughulikia yeye. Casaubon na Persius wake, Rigault na Juvenal wake, Heinsius na Horace wake. Kama akina mama wanaogombania watoto wao nani mzuri.

Ukisoma utungo wa tatu kwa maelezo ya Casaubon, kijana mlevi anatoweka taratibu. Unabaki na somo juu ya uvivu. Wino wa ngisi unakuwa habari ya kale. Mchekeshaji amevalishwa kanzu ya mchungaji. Sisemi Persius hafundishi, anafundisha, tena wakati mwingine kwa kuchosha. Lakini anafundisha huku akikucheka, na Casaubon ana masikio makubwa ya kusikia mafundisho na madogo ya kusikia kicheko. Mtu aliyejifunza Kigiriki pangoni huku watu wakichinjwa bondeni ana haki zake. Ila msomaji naye ana haki zake.

Kasoro ya pili: anamwona Nero kila pahali. Ugumu wa Persius anauelezea pia kwa woga, kwamba kijana alificha maneno kwa kumwogopa Kaisari. Alcibiades wa utungo wa nne, kwake, ni Nero aliyevalishwa jina jingine. Yawezekana. Lakini ukiisha kumweka Nero ndani ya kila fumbo, tungo zinakuwa barua ya siri kwa mtu mmoja aliyekufa, na siku Nero alipokufa nazo zingekufa. Mbona hazikufa?

Hapa ndipo ninapofika kwenye ugomvi wangu na Scaliger. Maneno yake yanachukulia kwamba kuna samaki mahali fulani, mzima, mbichi, ambaye mpishi amekuja baadaye kumwekea mchuzi. Kwa Persius samaki huyo hayupo. Hakuna aliyepata kumwona. Alipofariki, kwa ugonjwa wa tumbo, hakuwa amekitoa kitabu, na utungo wa mwisho haukuwa umekamilika. Mwalimu Cornutus ndiye aliyeushika mswada. Wasifu wa kale unatueleza alichofanya: alipunguza mistari mwishoni ili kitabu kionekane kimekamilika, akamkabidhi mshairi rafiki yao, Caesius Bassus, akitoe. Maandishi ya utotoni, pamoja na mchezo wa kuigiza na mashairi mengine, alimshauri mama wa marehemu ayaangamize. Hatunayo. Mwalimu aliamua, mama akakubali, basi.

Na kuna lile la punda. Katika utungo wa kwanza Persius anajigamba kwamba ana siri ya kuzika shimoni, kama yule kinyozi wa hadithi aliyegundua masikio ya Mfalme Midas. Wasifu unasema mwanzoni siri hiyo ilimtaja mfalme waziwazi: Mfalme Midas ana masikio ya punda. Cornutus akaona Nero, ambaye naye alikuwa akijiita mshairi, atadhani ni yeye. Akamwondoa mfalme. Akaweka swali mahali pake: ni nani ambaye hana masikio hayo?

Wasomi wa siku hizi wengi wanaishuku hadithi hii, wanaona swali hilo ndilo alilokusudia Persius tangu mwanzo, kwa kuwa mapema katika utungo huo huo ameuliza jambo kuhusu watu wa Roma akaliacha linaning'inia, na hapa ndipo analimalizia. Hoja yao ina nguvu. Lakini tuichukue hadithi kama ilivyo, kwani inagusa palipo na kidonda. Mhariri anaogopa. Anafuta jina la mkubwa. Na mstari unakuwa bora!

Maana huo wa kwanza ni kijembe cha kawaida. Mfalme ni punda: kila mtu wa kijiweni keshasema, tunacheka, tunaondoka. Huo wa pili unamgeukia msomaji aliyekuwa anacheka. Yule aliyevaa jeupe ana masikio, wanaompigia makofi wanayo, mimi ninayewacheka nayaonea mashaka yangu, na wewe hebu jipapase. Ndiyo maana Nero alipokufa mstari haukufa.

Sitaki mtu yeyote anielewe vibaya hapa. Mimi nilishawahi kupeleka shairi kwa mhariri mmoja, likatoka limechunwa majina yote, na halikuwa bora, lilikuwa kama pilipili iliyooshwa. Woga wa mhariri kwa kawaida unazaa ugoro. Cornutus alifaulu kwa sababu alipomfuta mfalme hakuliacha pengo wala hakuweka neno la kubembeleza, alipanua shabaha. Na hakuwa mwoga kama wasifu unavyomfanya aonekane. Miaka michache baada ya kifo cha mwanafunzi wake, Nero alikuwa akipanga kutunga utenzi wa historia ya Roma, na wapambe wakamshauri afikishe vitabu 400. Cornutus akasema hivyo ni vingi, hakuna atakayevisoma. Mpambe mmoja akamkumbusha kwamba Chrysippus, mwanafalsafa anayemsifu, aliandika vingi zaidi. Akajibu kwamba vile vinawafaa watu maishani. Kwa jibu hilo alipelekwa uhamishoni. Mwanahistoria Cassius Dio ndiye anayetusimulia. Kwa hiyo yule yule aliyemwondoa mfalme kwenye shairi la mwanafunzi hakujiondolea ulimi wake mwenyewe. Alimlinda kijana aliyekwisha kufa, au labda mama na dada waliobaki, yeye hakujilinda.

Ukishajua hayo, kupima samaki na mchuzi kwa mizani mbili hakuna maana. Cornutus ni mchuzi wa kwanza. Waliotafsiri maana za maneno pembezoni mwa miswada ni wa pili. Aldus, kwa kukataa kuweka lolote, naye ameweka lake. Casaubon ni wa nne au wa kumi. Wameungana mpaka huwezi kuwatenganisha bila kukivunja chungu.

Na si jambo la Warumi pekee. Muyaka wa Mombasa alitunga vijembe vya siasa mwanzoni mwa karne ya 19, Mazrui wakivutana na Sayyid Said, na beti zake zilikuwa vinywani mwa watu. Ziliokolewa kwa sababu Mwalimu Sikujua alizikusanya na kuzieleza kwa W. E. Taylor miaka ya mwishoni mwa karne ile, wakati bado walikuwepo waliokumbuka nani anatupiwa nini. Hichens akazitoa Johannesburg mwaka 1940, Mohamed Abdulaziz akazitoa tena na maelezo mapana mwaka 1979. Ondoa maelezo hayo, na nusu ya vijembe vinakuwa vitendawili. Hakuna mtu aliyewahi kusema Sikujua ni mchuzi.

Nani basi akisome kitabu cha Casaubon? Asiyejua Kilatini amwanze Persius kwa tafsiri yoyote ya kisasa yenye maelezo machache, na aanze na utungo wa tatu, si wa kwanza, kwa kuwa wa kwanza unahitaji kwanza uwe umeshahudhuria usiku wa mashairi mibaya. Anayejua Kilatini kidogo akifungue cha 1605 pale alipokwama tu, kama mtu anavyomwendea mzee. Na asome dibaji yote, hata pale inapomkera, maana ni nadra kuona mhariri akimpigania mtunzi wake hivyo, miaka elfu moja na mia tano baada ya mtunzi kuzikwa.

Persius alimwachia Cornutus fedha na maktaba yake ya vitabu vipatavyo 700. Mwalimu alichukua vitabu, fedha akazirudisha kwa dada zake marehemu. Casaubon naye, baada ya Henri IV kuuawa mwaka 1610, alihamia Uingereza, akafia huko mwaka 1614 na kuzikwa Westminster Abbey. Nakala yake mwenyewe ya Persius alikuwa ameendelea kuijaza nyongeza. Mwanawe Meric aliichukua, akazipanga nyongeza za baba mahali pake, akatoa toleo la tatu London mwaka 1647. Kurasa ziliongezeka.